Viashiria vya taifa vya bayoanuwai: tuchague vipi, na nani atavipima mwaka baada ya mwaka?

Mchambuzi_Dodoma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Nimo katika timu ndogo inayoandaa rasimu ya viashiria vya bayoanuwai vitakavyotumika katika ripoti za kitaifa za Tanzania, na kabla rasimu haijapelekwa ngazi ya juu ningependa kuwasikia watu waliokaa na takwimu za aina hii kwa miaka mingi, hasa walioko kwenye sensa za wanyamapori, misitu, ndege na bahari.

Msingi wa kazi yenyewe wengi mnaufahamu. Mpango wa Kunming na Montreal, yaani mpango wa dunia wa bayoanuwai uliopitishwa Desemba 2022 chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, una malengo makuu 4 na shabaha 23 za kufikiwa ifikapo 2030, na safari hii nchi zimekubaliana kutumia viashiria vikuu vinavyofanana ili ripoti ya nchi moja iweze kulinganishwa na ya nyingine, huku kila nchi ikiwa huru kuongeza vya kwake. Makubaliano hayo yametokana na uchungu wa malengo ya Aichi ya mwaka 2010. Yalikuwa 20, na muda wake ulipokwisha mwaka 2020 ilionekana kwamba duniani kote hakuna hata moja lililofikiwa kikamilifu, na baadhi yalikuwa yameandikwa kwa namna ambayo hata kupima kama yamefikiwa lilikuwa jambo la kubishaniwa.

Tatizo letu ni kwamba kila idara iliyoombwa mapendekezo imeleta orodha yake, na orodha hizo zikiunganishwa zinakuwa ndefu kiasi kwamba hakuna taasisi yenye watu wa kutosha wa kuzijaza. Sehemu kubwa zinahesabu shughuli: semina zilizofanyika, miche iliyogawiwa, mipango ya usimamizi iliyosainiwa. Hayo yana umuhimu wake, lakini inawezekana kabisa kuyajaza yote kwa alama za juu huku msitu unakwisha. Kwa upande mwingine tunavyo vipimo vya hali yenyewe vilivyofanywa kwa umakini mkubwa. Tathmini ya misitu ya NAFORMA, kwa mfano, ilipeleka vikosi kwenye ploti zaidi ya 30,000 nchi nzima kuanzia mwaka 2009. Watu walitembea na dira na utepe hadi katikati ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 15, wakapima unene wa kila mti uliostahili katika kimo cha kifua, na ni kutokana na kazi hiyo ndipo tukajua kwamba Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu.

Ninachouliza ni hiki. Je, tuchague viashiria kwa kufuata kinachotakiwa na mkataba, au kwa kufuata kile tunachoweza kuendelea kukipima kwa fedha zetu wenyewe mfadhili akishaondoka? Je, eneo la misitu kwa hekta linatosha kueleza hali ya misitu yote? Na kipimo kirudiwe kila baada ya muda gani?

Mhesabuji_Arusha alijibu:

Ndugu Mchambuzi, nashukuru umelileta jambo hili wakati bado ni rasimu, kwa sababu orodha ikishapigwa muhuri ni vigumu sana kuipunguza.

Nimeshiriki sensa za angani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo nitaanzia huko. Kabla ya kuuliza kama kiashiria kinatakiwa na mkataba, ulizeni kwanza ni nani atakayebadilisha uamuzi wake akiiona namba hiyo. Kama hayupo, kiondoeni. Mfano ulio wazi kuliko yote ni tembo. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000, na mwaka 2014 makadirio yalikuwa takriban 43,000. Katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi peke yake walibaki takriban 13,000 mwaka 2013. Namba zile ziliaminiwa, na kwa kuwa ziliaminiwa zilibadilisha bajeti, doria na mjadala wa kimataifa wa meno ya tembo. Ziliaminiwa kwa sababu mbinu ilikuwa ile ile. Ndege ndogo huruka kwenye mistari iliyonyooka yenye umbali sawa, kwenye kimo cha takriban mita 100 kutoka ardhini, na mhesabuji wa kiti cha nyuma huhesabu wanyama wanaoonekana katikati ya fito mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa. Walio nje ya fito hawahesabiwi, hata liwe kundi la tembo mia, na kundi kubwa likiangukia ndani hupigwa picha ili lihesabiwe tena kwa utulivu ndege ikishatua. Nidhamu hiyo ya kuacha wale walio nje ndiyo inayofanya sensa ya mwaka huu ilinganishwe na ya miaka mitano iliyopita.

Sensa hiyo hiyo hutoa kiashiria kingine ambacho mara nyingi husahauliwa katika orodha za kitaifa, nacho ni uwiano wa mizoga, yaani mizoga iliyoonekana ikilinganishwa na jumla ya tembo walio hai na waliokufa. Uwiano ukipita asilimia 8 hivi, huchukuliwa kuwa dalili kwamba vifo vinazidi uzazi. Ubora wake ni kwamba hutoa onyo hata pale ambapo idadi ya walio hai ina kosa kubwa la makadirio. Gharama ya ziada karibu haipo, maana ndege imesharuka na mhesabuji ameshakaa kwenye kiti chake.

Kuhusu hekta za misitu, jibu langu ni kwamba hazitoshi, na sababu ni ya hesabu tu. Katika hizo hekta milioni 48.1 sehemu kubwa mno ni miombo na misitu mingine ya ukanda mkavu. Misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Pare na Usambara hadi Uluguru na Udzungwa, ambako kuna spishi zisizopatikana mahali pengine popote duniani, haifiki hata asilimia 1 ya eneo hilo. Msitu mzima wa mlima mmoja unaweza kutoweka na kiashiria cha taifa kikabaki palepale, kwa kuwa hasara hiyo ni ndogo kuliko kosa la makadirio. Kwa hiyo gaweni kiashiria kwa aina ya msitu, na misitu ya Tao na ile ya pwani iwe na mstari wake yenyewe.

Sasa suala la muda wa kurudia. Hapa nawasihi muangalie viumbe wenyewe kabla ya kuangalia kalenda ya ripoti. Nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban 250,000 mwaka 1961, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika takriban milioni 1.3, baada ya chanjo ya ng'ombe kuiondoa katika eneo lile sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua nyumbu pia. Ongezeko kama hilo mtu aliyehesabu kila baada ya miaka kadhaa aliliona vizuri kabisa. Linganisheni na chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo lenye manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache tu. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, eneo lake lililowa likapungua, na mfumo wa manyunyu ya kutengenezwa ukawekwa. Katikati ya mwaka 2003 chura hao walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na kama wasingekuwapo takriban 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000 kwa ajili ya kuzalishwa, pasingekuwa na wa kurudishwa Kihansi kuanzia 2012. Sensa ya kila miaka mitatu ingekuta korongo tupu, na hakuna ambaye angeweza kusema ni lini au kwa nini. Wenye eneo dogo na maisha mafupi wapimwe mara nyingi. Wenye eneo kubwa na maisha marefu wanaweza kusubiri.

Ndege_Naivasha alijibu:

Salaam kutoka Kenya. Nakubaliana na Mzee Mhesabuji kwa mengi, ila ningependa kuongeza upande wa gharama, kwa sababu ndege za sensa hazirushwi kwa nia njema peke yake.

Tangu mwaka 2004 sisi tumekuwa na utaratibu wa kufuatilia Maeneo Muhimu ya Ndege, ambayo ni zaidi ya 60 nchini. Utaratibu una ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni fomu fupi inayojazwa kwa kila eneo na watu ambao tayari wako pale: mlinzi wa hifadhi, afisa misitu, au kikundi cha wanakijiji wanaolitunza eneo hilo. Wanaulizwa mambo matatu, yaani hali ya eneo, shinikizo linaloliathiri, na hatua zinazochukuliwa, na kila jambo linapewa alama. Ngazi ya pili ni vipimo vya kina, kama kuhesabu ndege kwenye njia maalumu, na hivyo hufanyika kwenye maeneo machache tu. Mtaalamu wa takwimu anaweza kuikosoa ile fomu, na ana haki, kwa kuwa alama hutegemea jicho la aliyejaza. Hata hivyo fomu hiyo imeendelea kujazwa bila kusubiri mradi mpya, na muhtasari wake umekuwa ukiingia kwenye ripoti za taifa. Sharti moja ambalo msilipuuze ni kwamba matokeo yarudishwe kwa waliojaza. Mwanakikundi anayejaza fomu mwaka baada ya mwaka bila kuambiwa ilitumika kwa nini, ataacha kuijaza au atanakili ya mwaka uliopita.

Jambo la pili ni ile shabaha ya Kunming na Montreal ya asilimia 30 ya ardhi na bahari kuhifadhiwa. Kiashiria hicho kinapendwa kwa kuwa ramani inakijaza bila mtu kutoka ofisini, lakini peke yake kinapotosha. Nyanda za juu za Kinangop zina ndege mdogo wa nyasi anayepatikana Kenya tu, ambaye anahitaji mafundo ya nyasi ndefu ili ajenge kiota. Ardhi karibu yote ni mashamba ya watu, na nyasi zikilimwa viazi ndege anaondoka. Hakuna mstari wa hifadhi utakaomwonyesha. Ndivyo ilivyo kwa wanyamapori wakubwa pia: sensa za angani zilizoanza mwaka 1977 kwenye nyanda za malisho zilionyesha kwamba hadi 2016 idadi yao ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68, na wengi wao wanaishi nje ya hifadhi. Sensa ya kwanza ya kitaifa, ile ya mwaka 2021, ilituletea tembo 36,280 na punda milia wa Grevy 2,649, lakini bila ule mfululizo mrefu wa nyanda za malisho tungekuwa na picha ya siku moja tu.

Kwa spishi zenye alama mwilini, wananchi wanaweza kusaidia sana. Punda milia wa Grevy huhesabiwa kwa picha za ubavu wa kulia peke yake, kwa sababu milia ya kila mnyama ni tofauti na ya mwenzake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Mtu akipiga upande wowote anaotaka, mnyama mmoja anageuka kuwa wawili kwenye hesabu. Maelekezo ni sentensi moja tu, na mtalii au mwanafunzi anaweza kuyafuata.

Mwamba_Tanga alijibu:

Naomba bahari isisahaulike. Katika rasimu nyingi nilizosoma, bahari hupewa kiashiria kimoja cha eneo la hifadhi na kingine cha tani za samaki, basi.

Tani za samaki bila kipimo cha juhudi ya uvuvi zinaweza kupanda wakati mwamba unakufa, kwa kuwa boti zimeongezeka au wavuvi wanakwenda mbali zaidi. Rekodi za vikundi vya ulinzi shirikishi kwenye diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, zinaweza kutatua hilo ikiwa mwandishi ataandika pia idadi ya wavuvi chomboni, zana waliyotumia, iwe dema, mshipi au nyavu, na saa walizokaa majini. Tena kuna uvuvi ambao haufiki kwenye mnada kabisa. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wanawake hutembea juu ya mwamba na vijiti vyao wakitafuta pweza, na wengi huuza pale pale ufukweni kabla hawajafika barabarani. Mwandishi aliyekaa mnadani hawaoni, na kwa hiyo sehemu ya uvuvi wa pweza haimo katika takwimu, ingawa ndiyo inayolisha nyumba nyingi. Pale ambapo kijiji hufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, tayari kuna watu wanaohesabu na kupima uzito siku ya kufungua. Rekodi hizo zikusanywe.

Kwa matumbawe, kipimo kinachoeleweka ni asilimia ya mwamba iliyofunikwa na matumbawe hai, inayopimwa kwa kutandaza utepe juu ya mwamba ule ule kila mara na kuandika au kupiga picha kilicho chini yake. Kuna mfululizo katika ukanda wetu unaoturudisha hadi joto la bahari la mwaka 1998 lililoyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi, na mwaka 2021 tathmini ya miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyogawanywa katika kanda 11, ilionyesha kwamba yote iko katika hatari ya kuporomoka. Mbinu iliyotumika ni ile ile ya Orodha Nyekundu ya Mifumo Ikolojia, inayopima hatari ya mfumo ikolojia kuporomoka, ambayo imo katika viashiria vikuu vya Kunming na Montreal. Kwa hiyo hapa hamna haja ya kuanza na karatasi tupu.

Virunga_Goma alijibu:

Nitasema moja tu. Msifungie hesabu kwenye mpaka wa nchi pale mnyama asipoujua mpaka huo. Sokwe wa milimani wa Virunga wako Kongo, Rwanda na Uganda, na familia moja inaweza kulala upande huu leo na upande ule kesho. Sensa ya 2015 na 2016 ilifanywa kwa pamoja na nchi hizo: vikosi vilipita msituni mara mbili, vikakusanya kinyesi kwenye viota vya usiku, na maabara ikatambua kila sokwe kwa vinasaba vyake. Walipatikana 604. Ilipojumlishwa sensa ya Bwindi ya 2018, iliyopata 459, jumla ikawa 1,063. Kama kila nchi ingehesabu peke yake na kwa wakati wake, wengine wangehesabiwa mara mbili na wengine wasihesabiwe kabisa. Ninyi mna Serengeti na Mara, mna Mkomazi na Tsavo. Andikeni ndani ya kiashiria chenyewe kwamba sensa ya maeneo hayo ni ya pamoja.

Mchambuzi_Dodoma aliandika:

Mzee Mhesabuji, shikamoo. Nawashukuru nyote. Mawazo haya yameshabadilisha mpangilio wa rasimu: tutakuwa na kundi dogo la viashiria vya msingi vyenye mfululizo uliopo, misitu itagawanywa kwa aina, na bahari itapata sehemu yake kamili pamoja na pweza.

Yamebaki mawili yanayonisumbua. Kwanza, takwimu zimetawanyika: wanyamapori wako TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, misitu iko TFS, wakala wa huduma za misitu, uvuvi uko wizara nyingine, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapokea jumla tu. Je, tudai kila kitu kihamishiwe mahali pamoja? Pili, teknolojia inabadilika. Kuna wanaosema wahesabuji wa kwenye ndege waondolewe na kamera ziwekwe mahali pao, na wengine wanataka picha za setilaiti zichukue nafasi ya ploti za msituni.

Mhesabuji_Arusha alijibu:

Marahaba, kijana wangu.

Msidai takwimu zote zihamishwe. Taasisi inayopima ndiyo inayojua kasoro za kipimo, na ikinyang'anywa takwimu itapoteza pia hamu ya kuzitunza. Kinachotakiwa kukaa mahali pamoja ni karatasi ya maelezo ya kila kiashiria: kinapimwa nini, kwa mbinu gani, wapi, na nani, kila baada ya muda gani, kosa la makadirio ni kiasi gani, na fedha zinatoka kifungu kipi cha bajeti. Hilo la mwisho watu huliacha wazi, na ndilo linaloua programu. Kiashiria kisicho na kifungu katika bajeti ya kawaida ya taasisi kiandikwe wazi kwamba kinategemea mradi, ili asomaye ajue. Afrika Kusini wana taasisi moja, SANBI, inayoratibu tathmini ya taifa, na wamekwishatoa za 2004, 2011 na 2018. Vichwa vya tathmini hizo ni viwili: kiwango cha hatari kinachoikabili kila spishi na kila mfumo ikolojia, na kiwango cha ulinzi kinachopewa. Waziri anaelewa mambo hayo mawili bila kufafanuliwa na mtaalamu, na chini yake kuna takwimu za taasisi nyingi ambazo hazikuhamishwa.

Kuhusu kamera, mimi sizipingi hata kidogo. Kamera huona wanyama ambao jicho lililochoka huwapita. Hapo ndipo penye hatari. Mkibadilisha mbinu kati ya sensa moja na nyingine, idadi itapanda kwa sababu ya kamera, na mtu atasimama bungeni kusema tembo wameongezeka. Kwa hiyo mbinu mpya na ya zamani zitumike pamoja katika sensa moja angalau, kwenye mistari ile ile, ili ipatikane tofauti kati ya hizo mbili, na tofauti hiyo itumike kurekebisha namba za nyuma. Msitu nao ni hivyo hivyo. Setilaiti itaeleza mahali ambapo miti imeondolewa, lakini haitaeleza kama chini ya miti iliyobaki bado kuna miche ya mvule au kama wanyama wamekwisha kwa mitego ya waya. Ploti za kudumu zirudiwe, hata kama ni sehemu tu, na duara liwe lile lile la mita 15.

Ningekuwa ninyi, ningeanza kwa kujaza karatasi tatu kabla ya kikao kijacho: tembo, misitu ya Tao la Mashariki, na matumbawe hai. Hizo zina mfululizo, zina watu, na kila moja ina mbinu tofauti, kwa hiyo zitawaonyesha mapema mahali ambapo fomu yenu ina mapengo. Mkishazijaza, ziwekeni hapa, nitasoma sehemu ya mbinu na ya kosa la makadirio, na Ndugu Mwamba akiwa na nafasi aipitie ile ya matumbawe.